Mercedes E-Class ya dizeli (W211): dalili, chanzo, na pa kuanzia kabla hujanunua spea

Haya ni kwa mwenye E-Class ya dizeli ya umbo la W211, lile lililotoka mwaka 2002 na kuendelea hadi 2009. Jambo la kwanza ni kuijua injini yako. E 200 CDI na E 220 CDI zina OM646, silinda nne, lita 2.1. E 270 CDI ina OM647 ya silinda tano. E 320 CDI za mwanzo zina OM648, silinda sita kwenye mstari mmoja. Kuanzia 2005 ikaja OM642, V6 ya lita 3.0, ambayo iko kwenye E 280 CDI na E 320 CDI za baadaye. Nalitilia mkazo hili kwa sababu fundi akisikia "Benzi ya dizeli" anakujibu kwa ugonjwa wa injini aliyoizoea, na V6 haiugui kama silinda nne.

Pili, gari hili linatoka wapi. Nyingi za usukani wa kulia tulizo nazo Afrika Mashariki zilitoka Uingereza. Japani ilianza kuuza E 320 CDI mwaka 2006, kwa hiyo za huko ni chache. Gari la Uingereza limezoea barabara kuu na dizeli ya Ulaya. Sasa limekuja kukaa kwenye foleni ya Mbagala saa moja na nusu kila asubuhi. Matatizo mengi utakayosoma hapa yanaanzia kwenye badiliko hilo.

Na msimamo wangu ni huu: kwenye gari hili, kitu cha bei ndogo ndicho huvuruga kitu cha bei kubwa. Oringi ya shilingi elfu chache inafanya nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, zionekane zimekufa. Mpira wa hewa uliopasuka unafanya turbo ionekane imekufa. Mashine ya kupima ikisoma kodi, yaani namba za makosa kwenye kompyuta ya gari, inakuonyesha mahali kipimo kilipotoka nje ya mstari. Kwa nini kimetoka, hiyo ni kazi ya fundi kutafuta. Fundi anayesoma kodi kisha anakuandikia orodha ya spea papo hapo hajapima kitu bado.

Gari haliwaki

Tofautisha: stata inazunguka kwa uzito, au inazunguka kwa kasi lakini injini haishiki? Ni njia mbili tofauti kabisa.

Ikizunguka kwa uzito, anza na betri. Betri kubwa ya W211 iko kwenye buti, chini ya sakafu, upande wa kulia. Magari ya kabla ya katikati ya 2006 yana pia betri ndogo ya pili chini ya boneti, na watu wengi wanaomiliki gari hili hawajui kama ipo. Pima zote mbili. Betri iliyolala usiku mzima bila kazi inatakiwa isome volti 12.5 au zaidi, na wakati stata inazunguka isishuke chini ya 10 au karibu na hapo. Betri dhaifu kwenye W211 inaleta vioja: dashibodi inaandika makosa ya breki, ya erbegi, ya usukani, yote kwa mpigo. Ukiona orodha ndefu ya kodi zisizohusiana, usihangaike na hata moja mpaka betri iwe imepimwa, kodi zifutwe, na gari lisomwe upya.

Stata ikizunguka kwa kasi na injini haishiki, swali ni presha ya mafuta. Injini za CDI haziruhusu nozeli kufunguka mpaka presha kwenye reli, bomba la pamoja linalogawia nozeli mafuta, ifike kiwango fulani, takriban baa 200 na kitu. Mwambie fundi aunganishe mashine, apige stata, asome presha ya reli papo hapo. Ikipanda vizuri na gari bado haliwaki, tatizo liko kwingine. Ikibaki chini, kuna mambo matatu tu: hewa inaingia kwenye mafuta, mafuta hayafiki ya kutosha (filta imeziba, pampu imechoka), au mafuta yanafika lakini yanavujia kwenye njia ya kurudi.

Hewa ndiyo ya kutafutwa kwanza kwa sababu haigharimu kitu kuitafuta. Kwenye baadhi ya injini za mstari mmoja kuna paipu za plastiki angavu karibu na filta ya dizeli, unaona mafuta yakipita ndani. Chukua tochi, mtu mwingine apige stata. Povu kidogo baada ya kubadilisha filta ni kawaida na litaisha. Mnyororo wa mapovu usiokwisha maana yake kuna oringi iliyokauka kwenye kiungo. Oringi hizi zinakakamaa kwa joto na umri, na ukizigusa unazikuta zimekuwa ngumu, zimebonyea upande mmoja. Kuna kipimo kingine kisichohitaji chombo chochote: paki gari usiku mmoja pua ikiangalia juu ya mteremko, usiku mwingine pua ikiangalia chini. Likiwaka kwa shida pale pua ilipokuwa juu na likawaka vizuri pua ikiwa chini, mafuta yanarudi tenkini usiku. Hewa inaingia mahali.

Kama hewa haimo, ndipo unapima nozeli. Zile za kawaida za sumaku zinapimwa kwa kuchomoa vipaipu vidogo vya kurudishia mafuta, kila kimoja unakielekeza kwenye chupa yake, halafu unapiga stata kwa muda mfupi. Chupa inayojaa haraka kuliko wenzake imemtaja mwenye kosa. Lakini nozeli za piezo, kama zile za V6, hazipimwi hivyo, maana njia yake ya kurudi inatakiwa kukaa na presha. Uliza kwanza nozeli zako ni za aina gani. Fundi akitaka kuning'iniza chupa kwenye V6, mzuie.

Kuhusu hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha: Dar es Salaam, penye joto mwaka mzima, injini nzima itawaka hata kama mbili zimekufa. Kwa hiyo mtu wa Dar akiambiwa gari haliwaki kwa sababu ya hita plagi, aulize tena. Mtu wa Mbeya, Njombe au Limuru ni habari nyingine: asubuhi ya baridi injini itatetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika nzima. Zikihitaji kutolewa, zitolewe injini ikiwa ya moto, kwa subira na mafuta ya kulainisha kutu. Zinakatikia ndani ya silinda hedi, na hapo kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa kushusha hedi. Wala zisijaribiwe kwa kuunganishwa moja kwa moja na betri, kwani kuna aina zinazotumia volti za chini na zinaungua hapo hapo.

Linawaka asubuhi, likishapata moto linazima na halikubali

Angalia mshale wa resi wakati unapiga stata. Kama haunyanyuki hata kidogo, shaka ya kwanza ni sensa ya krenki. Sensa hii ikizeeka inafanya kazi ikiwa baridi, ikipata moto inanyamaza, na kompyuta isipopata habari ya mzunguko wa injini inakata mafuta. Unakaa nusu saa pembeni ya barabara, injini inapoa, gari linawaka kama hakuna kilichotokea. Ni spea ya bei ya kawaida.

Kama mshale unanyanyuka lakini gari haliwaki, rudi kwenye presha ya reli. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, na nozeli au pampu iliyochakaa inavujisha zaidi kuliko asubuhi.

Linakosa nguvu mlimani, ukizima na kuwasha linarudi

Umepita Ruaha Mbuyuni vizuri, unaanza kuupanda Kitonga, unakanyaga ulipite lori, gari linakata pumzi na resi hazitaki kuvuka 3,000. Unasimama, unazima, unawasha, nguvu zimerudi. Hapo gari limejifunga lenyewe kujilinda, kwa sababu presha ya hewa ya turbo haikulingana na ile kompyuta iliyoiagiza.

Soma kodi, ila soma kwa makini upande gani: hewa imepungua (P0299 kwenye mashine za kawaida) au imezidi (P0234). Ni dalili zenye vyanzo tofauti na mara nyingi zinachanganywa kuwa "tatizo la turbo".

Hewa ikipungua, anza na hozi zinazotoka turbo kwenda intakula (kipoza hewa) na kutoka intakula kwenda injini. Pitisha mkono chini yake, upande usioonekana. Mafuta kidogo ya kulowanisha ni kawaida. Sehemu iliyolowa sana na kuvutia vumbi ndiyo ya kuichunguza. Mpasuko wa hozi hauonekani injini ikiwa imetulia kwa sababu mpira unajifunga wenyewe, unafunguka tu presha inapopanda. Ndiyo maana gari ni zuri mjini na bovu mlimani. Namna nzuri ya kuukamata ni kuziba mlango wa hewa, kuingiza upepo wa presha ndogo kutoka kwenye kompresa, na kupaka maji ya sabuni kwenye viungo. Povu litakuonyesha.

Hozi zikiwa nzima, nenda kwenye sensa ya presha, ambayo hujaa masizi na inasafishika. Kisha sensa ya kupima hewa inayoingia. Kisha vipaipu vyembamba vya vakyumu kwa zile turbo zinazoendeshwa kwa vakyumu: kimoja kikipasuka kama uzi wa nywele, turbo haifanyi kazi. Kisha valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, iliyonata ikiwa wazi.

Hewa ikizidi, mara nyingi ni visahani vya ndani ya turbo vimenata kwa masizi. Gari lililoendeshwa safari fupi fupi miaka mingi linaishia hapo.

Turbo yenyewe ndiyo ya mwisho kushtakiwa. Fundi akikuambia imekufa, mwombe atoe hozi ya kuingizia hewa na ashike shafti mbele yako. Kucheza kidogo kwa ubavuni kunaruhusiwa. Kucheza mbele na nyuma, au mapanga ya turbo yakiwa yamegusa ukuta na kuacha mikwaruzo, hapo ni kweli.

Jambo moja la hatari lazima lisemwe hapa. Sili ya turbo ikivunjika vibaya, injini ya dizeli inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe kama mafuta. Resi zinapanda zenyewe, moshi mzito unajaza barabara, na kuzima ufunguo hakusaidii, kwa sababu kinachoungua hakipiti kwenye nozeli. Gari la otomatiki huwezi kulizima kwa gia. Kinachozima ni kuinyima hewa tu, yaani kuziba mlango wa hewa kwa kitu kigumu, kamwe si kwa mkono. Kama huwezi kufika hapo salama, shusha watu wote na mkae mbali. Injini inanunuliwa.

Moshi

Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: rudi kwenye hozi, EGR na filta ya hewa kabla ya nozeli. Wa bluu ni oili. Mweupe unahitaji pua yako: ukichoma macho na kunuka dizeli mbichi, mafuta hayaungui yote, angalia nozeli inayodondosha au mgandamizo mdogo kwenye silinda. Ukinuka utamu na maji ya rejeta yanapungua, ni maji yanaingia kwenye silinda, na usiendelee kuliendesha.

Sauti ya "chaf chaf chaf" na harufu ya moshi ndani ya gari

Hii naipa nafasi kubwa kwa sababu ikikamatwa mapema ni kazi ndogo, na ikiachwa inakula hedi.

Washa gari likiwa baridi, fungua boneti, sikiliza. Kuna mlio wa pumzi inayotoka kwa mapigo, unaokwenda kasi unapoongeza resi. Ndani ya gari, ukiwasha feni ya AC, kunaingia harufu ya moshi. Sasa ng'oa kifuniko cha plastiki juu ya injini. Kama kuzunguka nozeli moja kuna uchafu mweusi, unaong'aa, mgumu kama lami iliyopoa, umeshapata.

Chini ya kila nozeli kuna wosha ya shaba inayoziba moto wa silinda usipande. Wosha ikichoka, au boliti ya kushikia nozeli ikilegea, gesi ya moto inapenya, inabeba masizi na mafuta, inayapika juu ya hedi. Kadiri siku zinavyokwenda lami hiyo inaifunika nozeli na boliti yake mpaka having'oki.

Tatizo likiwa changa, unatoa nozeli, unasafisha kikalio chake mpaka chuma kionekane kisafi, unaweka wosha mpya, boliti mpya, na grisi maalumu ya joto kali kwenye mwili wa nozeli. Boliti lazima iwe mpya kwa sababu imetengenezwa ivutike inapokazwa, na ikishavutika mara moja haishiki tena sawasawa. Inakazwa kwa spana ya kipimo kisha kwa nyuzi za kuzungusha, kama kitabu cha injini yako kinavyosema. Isikazwe kwa kukisia, uzi uko kwenye aluminiamu na unachuna.

Kuna mafundi wanaoweka wosha mbili ili "izibe vizuri". Kataa. Wosha mbili zinainua ncha ya nozeli, dawa ya mafuta inapiga mahali pasipo pake, na pistoni inaanza kuungua.

Kikalio kikiwa kimeliwa na gesi, kinahitaji kusagwa kwa kifaa chake kabla ya wosha mpya, la sivyo kitavuja tena baada ya miezi michache.

Taa ya injini, gari zito, na oili inapanda badala ya kushuka

Kwanza hakikisha gari lako lina chujio la masizi, yaani DPF. Kwenye W211 za mwanzo mengi hayana. Kama linalo, lisome hili kwa utulivu.

Chujio hukusanya masizi, kisha kila baada ya muda kompyuta huongeza mafuta kidogo ili moshi uwe wa moto wa kutosha kuyachoma. Kazi hiyo inahitaji mwendo wa kama dakika 15 hadi 20 bila kusimama-simama, resi zikiwa 2,000 au zaidi. Foleni ya Ubungo hadi Kimara haitoi nafasi hiyo. Kila safari unayozima katikati ya zoezi, mafuta yaliyokwisha kuingizwa yanateremka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili: kama kiwango kimepanda juu ya alama na oili inanuka dizeli, badilisha oili mara moja, kwa sababu imekuwa nyepesi na haibebi tena bushi na turbo.

Kabla ya kulilaumu chujio, tazama kipimo cha joto. Injini iliyopata moto inatakiwa ikae karibu na nyuzi 85 hadi 90. Ikikaa 70 au ikishuka unapoteremka mlima, themostati, valvu inayotunza joto la maji ya injini, imekwama wazi au haipo. Na hapa nasema kwa uchungu: gereji zetu zina desturi ya kutoa themostati "gari lisichemshe". Kwenye dizeli hii ni kuiua polepole. Injini haifiki joto lake, kompyuta haianzishi kuchoma masizi, mafuta yanaliwa zaidi, na chujio linajaa. Gari likichemsha, tafuta kwa nini linachemsha: feni, rejeta iliyoziba kwa vumbi na wadudu kati yake na ya AC, pampu ya maji. Themostati irudishwe, mpya.

Kisha kagua sensa inayopima tofauti ya presha mbele na nyuma ya chujio, na vipaipu vyake viwili vya mpira. Kimoja kikipasuka au kuyeyuka, kompyuta inapata hesabu ya uongo, na watu wameng'oa chujio zima kwa sababu ya kipaipu hicho.

Oili nayo. Gari lenye DPF linataka oili ya majivu machache, iliyoandikwa MB 229.31 au 229.51 kwenye galoni. Masizi yanaungua, majivu ya oili hayaungui, yanabaki ndani ya chujio maisha yake yote.

Na mafuta. Nchi za Afrika Mashariki ziliingia kwenye dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni Januari 2015, ilhali Ulaya ilishafika sehemu 10 mwaka 2009. Kwa W211 dizeli yetu inafaa, mradi iwe dizeli kweli. Ikichanganywa na mafuta ya taa inapoteza ulainisho, na pampu ya presha kubwa inalainishwa na mafuta hayo hayo inayoyasukuma. Ndiyo sababu Tanzania huweka vinasaba (alama ya kuyatambua) kwenye mafuta, na Kenya ikatoza shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Weka mafuta kwenye kituo chenye magari mengi, na tunza risiti.

V6: oili inadondoka katikati ya injini na giaboksi

Ukikuta tone la oili pale giaboksi inapoungana na injini, utaambiwa ni sili ya nyuma ya krenki na giaboksi ishuke. Subiri. Kwenye OM642, kipoza oili kimekaa katikati ya V, chini ya turbo, na sili zake mbili za mwanzo hukauka. Oili inajaza lile bonde polepole, kisha inateremkia nyuma na kutokea mahali pale pale sili ya krenki ingetokea. Ingiza tochi au kamera ndogo nyuma ya injini juu uangalie bonde. Likiwa limelowa, giaboksi haina kosa. Kazi yake ni kubwa, turbo na matawi ya hewa vinatoka, kwa hiyo hakikisha sili zinazowekwa ni za toleo jipya lililoboreshwa.

Ukishafungua hapo, kagua na mota ndogo inayoendesha vibati vya hewa. Iko chini, na oili ya mvuke wa injini inayovuja kwenye sili ya mlango wa turbo inaidondokea mpaka inakufa. Ukibadilisha mota bila ile sili ndogo, umenunua mota ya miezi.

Giaboksi

Gari likikwama gia ya pili na halipandi, kwenye giaboksi ya gia tano, chunguza plagi ya umeme ya pini 13 ubavuni mwa giaboksi. Oringi zake zinavuja, na oili inapanda ndani ya waya kama utambi mpaka kwenye kompyuta ya giaboksi. Vuta plagi ya kompyuta: ukikuta oili kwenye pini, umejua. Plagi ni bei ndogo, na kompyuta ikisafishwa mapema hupona.

Mtetemo kama wa kupita kwenye matuta madogo madogo, kati ya mwendo wa 50 na 80, mguu ukiwa mwepesi kwenye akseleta, ni wa konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi. Badilisha oili na filta ya giaboksi kwanza, kwa oili yenye namba ya Mercedes inayotakiwa na giaboksi yako. Kwenye magari ya 2002 na 2003, kagua pia rejeta: baadhi ya zile za mwanzo huvujisha maji kuingia kwenye oili ya giaboksi, na kubadilisha oili peke yake hakutasaidia.

Mtetemo ukiwa umesimama kwenye taa na gia iko D, kisha ukapungua ukiweka N, si giaboksi. Ni mauntingi za injini, mipira inayoibeba, zimekwisha.

Breki: ujumbe mwekundu kwenye dashibodi

Magari ya kabla ya katikati ya 2006 yana breki za SBC, ambazo kanyagio linatuma taarifa kwa umeme na pampu ndiyo inayobana. Mercedes iliyarudisha gereji mara mbili kwa ajili ya mfumo huu, 2004 na 2005, kisha ikauacha mwaka 2006. Pampu inahesabu mikanyago, na ikifika kikomo chake inatoa ujumbe mwekundu. Ikikataa kabisa, kanyagio linazama mbali na kinachobaki ni breki za mbele kwa nguvu ya mguu wako. Ujumbe huo usiuendeshee hata kwenda sokoni. Kufuta hesabu kwa kompyuta kunazima taa tu, uchakavu wa pampu uko pale pale.

Na kwa anayebadilisha pedi: mfumo uzimwe kwanza kwa mashine. Pampu inaweza kujiamsha yenyewe mlango unapofunguliwa na kubana pistoni za breki vidole vya fundi vikiwa ndani. Mwulize fundi wako kama anajua kuuzima. Asipojua, funga boneti uondoke.

Petroli imewekwa kwenye tenki

Hili linatokea kwetu kuliko linavyostahili, kwa sababu mhudumu akiona saluni anaamini ni petroli, na bomba la petroli ni jembamba, linaingia bila shida. Shuka kwenye gari. Sema "dizeli" kabla hajashika bomba, mwonyeshe maandishi kwenye mfuniko, na uangalie pampu anayochukua.

Ikishawekwa, usiwashe, wala usizungushe ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, kwa sababu kwenye magari yenye pampu ya umeme tenkini hatua hiyo tu inaanza kuyasukuma mbele. Weka N, gari lisukumwe pembeni, tenki likaushwe hapo hapo au gari libebwe juu ya lori. Lisivutwe kwa kamba magurudumu ya nyuma yakiwa chini kwa safari ndefu, giaboksi haipati oili injini ikiwa imezimwa. Kama lilishawashwa na kutembea, filta ibadilishwe, paipu zisafishwe, na mafuta ya ndani ya filta ya zamani yamiminwe kwenye sahani nyeupe juani: yakiwa na chembe zinazometa, pampu ya presha imeanza kujila, na vyuma hivyo vimeshafika kwenye reli na nozeli. Hapo vyote vifunguliwe na kukaguliwa pamoja, kwa maana pampu mpya kwenye reli yenye vyuma itafuata ya kwanza.